Ujiji na Ufundi wa Kurudisha Nguvu za Safari

Ujiji husimuliwa kwa mambo mawili: biashara ya pembe na watumwa, na mkutano wa Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yamesimuliwa hadi yamechosha masikio. Lipo jambo la tatu ambalo nyaraka za zama zile hulitaja tena na tena bila kulitilia maanani. Ujiji palikuwa mahali pa kulala, kula na kuinuka upya. Wasafiri kadhaa waliofika pale wakiwa wamebebwa kwenye machela waliondoka kwa miguu yao wenyewe, na mbele yao hakukuwa na tambarare. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na milima ya njia ya Manyema, kusini kulikuwa na milima ya Utongwe, na hata aliyerudi Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, alipaswa kwanza kuupanda ukingo wa bonde la ziwa. Ninachodai ni kwamba nguvu ya kuirudia njia ngumu, hasa ya milimani, haikuwa kipaji cha kuzaliwa wala tunda la moyo mgumu peke yake. Ilitengenezwa, na waliojua kuitengeneza walikuwa watu wa njia ya misafara na miji yake, muda mrefu kabla mtu yeyote hajaandika kitabu juu ya mazoezi ya kupanda mlima.

Tuanze na ushahidi ulio wazi zaidi. Tarehe 13 Februari 1858 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika juu ya vilima vilivyo mashariki ya ziwa, Tanganyika likiwa chini yao. Aliyeliona vizuri ni Burton. Macho ya Speke yalikuwa mabovu kiasi kwamba alichokiona ni ukungu tu. Burton naye, pamoja na macho yake mazima, alikuwa hawezi kusimama sawasawa, kwa kuwa homa ilikuwa imeitia miguu yake ganzi na kwa sehemu kubwa ya njia alikuwa amebebwa. Kama tungewapima siku ile, tungesema wote wawili wamekwisha. Lakini walikaa Ujiji na ziwani zaidi ya miezi mitatu, hadi mwisho wa Mei. Mwezi Machi Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kutafuta jahazi la kukodi na kurudi. Aprili walikwenda wote wawili kwa mitumbwi hadi Uvira. Mwezi Mei walianza kurudi Tabora. Julai Speke yuleyule, aliyekuwa kipofu nusu, aliondoka Tabora na kikosi kidogo akatembea kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti alisimama juu ya Ziwa Nyanza karibu na Mwanza. Alikwenda na kurudi kwa muda usiofika miezi miwili. Tukipanga mambo haya kwa mfuatano wake tunaona ngazi: kulala, kuvuka ziwa kwa mtumbwi, safari ya ziwani iliyo ndefu zaidi, mwendo wa miguu kwenye njia inayojulikana, kisha mwendo wa miguu kwenye njia isiyojulikana. Hakuna aliyeipanga ngazi hiyo kwa makusudi. Lakini ilikuwapo, na mwili wa Speke uliipanda.

Msomaji mwangalifu atauliza mara moja: mbona Burton hakuipanda? Walikula chakula kimoja na kulala nyumba moja. Swali hili ni la haki, na jibu lake linaonyesha mpaka wa hoja yangu. Mapumziko na chakula hurudisha nguvu zilizotumika. Hayaondoi ugonjwa uliobaki mwilini. Burton aliendelea kuugua, na ngazi haipandwi na mtu ambaye homa inamrudisha chini kila anapoinua mguu. Kwa hiyo sidai kwamba Ujiji palikuwa hospitali. Nadai kitu kidogo zaidi, na kwa maoni yangu chenye maana zaidi: palikuwa mahali ambapo mtu aliyepungukiwa nguvu, bila ugonjwa mkubwa kumshikilia, aliweza kuzipata tena kwa njia inayoeleweka.

Njia hiyo ilianzia sokoni. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu kitu, alikiri kwamba soko la Ujiji lilikuwa na neema: samaki, ndizi, viazi vitamu, mihogo, maharage, mawese. Wavuvi walikwenda ziwani usiku wa giza na moto kwenye mitumbwi ili dagaa wafuate mwanga, na asubuhi dagaa walianikwa juani. Aliyewahi kununua dagaa wa Kigoma anajua huliwa mzima, kichwa na miba, na kwamba kibaba chake kikavu kina lishe kuliko kipande kikubwa cha nyama ya mbuzi aliyekonda njiani. Migebuka ililiwa mibichi au ilibanikwa. Mawese mekundu yaliingia katika kila chungu. Chumvi ilitoka Uvinza, ilikopikwa kwa maji ya chemchemi karibu na mto Malagarasi, nayo ilisafirishwa mbali kiasi kwamba misafara iliihesabu kama bidhaa kamili. Inavutia kusema kwamba mawese ndiyo yaliyoponya macho ya Speke, maana tunajua leo kwamba rangi yake nyekundu huupa mwili kile unachohitaji macho yaone vizuri gizani. Lakini ugonjwa wake ulikuwa wa uvimbe wa macho, na hakuna anayeweza kuthibitisha uhusiano huo. Tuache.

Linaloweza kuthibitishwa ni hesabu. Posho ya kawaida ya mpagazi njiani ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama robo tatu ya kilo au chini kidogo. Nafaka kiasi hicho hutoa kalori 2,400 hivi. Mzigo wake ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, mbali na mkeka, chungu na silaha yake. Mtu anayebeba uzito huo kwa saa nne au tano kila siku, kisha akajenga kibanda, akateka maji na kuokota kuni, hutumia zaidi ya kalori hizo, na hutumia zaidi sana palipo na mwinuko. Pale palipokuwa na uwindaji, au wenyeji wenye chakula cha kuuza, pengo lilizibwa. Pasipokuwa na kitu, pengo lilizibwa na nyama ya mwili wa mpagazi mwenyewe. Ndiyo maana msafara ulifika mwisho wa njia ukiwa umekonda, hata kama hakuna aliyeugua. Ndiyo maana pia miji ya kupumzikia, Tabora na Ujiji, haikuwa anasa. Deni lililokopwa njiani lililipwa huko kwa samaki na mawese, na msafara ulioharakisha kuondoka kabla ya kulipa ulianza safari ya pili ukiwa na upungufu wa ile ya kwanza.

Sasa tuje kwa wapagazi wenyewe, maana hapa ndipo uongo mkubwa ulipojengwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kubeba mizigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita au saba tayari walitembea na pembe ndogo mabegani. Baada ya kutoa habari hiyo ya thamani, palepale aliamua kwamba watu hawa ni wapagazi kwa silika, akawafananisha na mbwa wa kuwinda wanaozaliwa wakijua kazi yao. Ukiliacha tusi kando, utaona kwamba mwandishi ametoa ushahidi unaoivunja hukumu yake mwenyewe. Kama ni silika, mtoto wa miaka saba anabebeshwa pembe ndogo ya nini? Alibebeshwa kwa sababu wazazi wake walijua kwamba shingo, mgongo na nyayo hujengwa taratibu, na kwamba kijana atakayetwishwa frasila mbili siku moja ghafla ataanguka. Kwanza pembe ndogo, kisha mzigo wa kusindikiza ndugu hadi kijiji cha pili, kisha safari nzima kwa mzigo mwepesi, kisha mzigo wa mtu mzima. Alichokiona Burton kilikuwa shule, akadhani ni damu.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa Afrika Mashariki ya karne ya 19, ameonyesha kwa kirefu kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wenye taaluma, desturi na mshahara, waliojua thamani ya kazi yao na kuipigania. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba mwili wao ulikuwa sehemu ya taaluma hiyo. Desturi za njiani zinaonyesha ujuzi wa kuuhifadhi. Mwendo ulianza alfajiri, kabla jua halijachoma, na kwa kawaida ulikwisha kabla ya saa sita mchana. Kirangozi, mwongozaji wa msafara, ndiye aliyeweka kasi, na kasi yake ilikuwa ya mtu wa mwisho mwenye mzigo mzito, wala haikuwa ya tajiri aliyepanda punda. Pembe kubwa iliyomzidi mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Pori lisilo na maji lilivukwa kwa tirikeza: kuondoka alasiri, kulala njiani bila maji, na kuyafikia maji asubuhi inayofuata, ili saa za jua kali zisitumike katika mwendo wa kiu. Daktari wa michezo wa leo asingekuwa na mengi ya kusahihisha hapo.

Kuna pingamizi zito zaidi kuliko lile la afya ya Burton. Wengi waliopita Ujiji wakiwa na mizigo hawakuwa wapagazi wa mshahara. Walikuwa watumwa waliotekwa Manyema na kwingineko, wakafungwa minyororo na kutembezwa. Wao hawakufundishwa tangu utotoni, hawakupumzishwa, na bado baadhi yao walifika pwani. Je, hilo halionyeshi kwamba mwili wa binadamu huweza tu, ukilazimishwa? Naona linaonyesha kinyume chake kabisa. Njia za watumwa zilijaa mifupa, na wasafiri wote wa wakati ule walioziandika walieleza waliokufa na walioachwa njiani. Waliofika si kipimo cha kile ambacho mwili huweza, ni hesabu ya waliosalia baada ya wengine kufa. Mzigo uleule, njia ileile, jua lilelile: upande mmoja tunaona taaluma inayorudi mwaka baada ya mwaka, upande mwingine tunaona maangamizi. Tofauti ilikuwa chakula, kasi, mapumziko na uhuru wa kutua mzigo.

Jaribio hilo la kikatili lilirudiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916, Tabora ikaanguka Septemba, na majeshi ya pande zote yalikuwa yakitembea juu ya vichwa vya wapagazi waliokusanywa kwa nguvu. Wengi wa hawa walikuwa wakulima ambao hawakuwahi kubeba mzigo wa safari. Walihamishwa kutoka nchi ya ndizi wakapewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu, wakatolewa penye baridi na kupelekwa penye joto, bila wiki hata moja ya kuzoea. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na aliyewaua zaidi alikuwa kuhara, si risasi. Maofisa waliokuwa wamesoma vitabu vya akina Burton waliamini kwamba Mwafrika ni mpagazi kwa asili. Imani hiyo iliua.

Turudi kwa mtu ambaye Ujiji inamkumbuka zaidi, maana maisha yake ya mwisho ni ushahidi wa pande zote mbili. David Livingstone alifika Ujiji Machi 1869 akiwa amebebwa, mapafu yakiwa yameungua kwa homa. Bidhaa zake nyingi alikuta zimeibwa. Akakaa hadi Julai, akavuka ziwa kwenda Manyema, akatembea kule hadi vidonda vya miguu vikamlaza Bambarre kwa muda mrefu. Oktoba 1871 alirudi Ujiji kutoka Nyangwe, mji wa Manyema, akiwa, kwa maelezo yake mwenyewe, mifupa mitupu, akakuta kwa mara nyingine mali yake imeuzwa na aliyekabidhiwa. Alikuwa na miaka 58. Siku chache baadaye Stanley akafika na vyakula, bidhaa na habari. Livingstone aliandika kwamba badala ya kula mara mbili kwa siku bila hamu, alianza kula mara nne, na ndani ya wiki moja akahisi nguvu zinarudi. Simulizi za kawaida huishia hapo, kwenye furaha ya kukutana. Mimi navutiwa na kilichofuata. Hawakukimbilia barabara. Walipanda mitumbwi wakaenda hadi kichwa cha ziwa, kwenye mto Rusizi, safari ya takriban wiki nne ambapo mzee alikaa, akala samaki, akashuka kutembea kidogo ufukoni na kulala mapema. Ilithibitisha kwamba Rusizi inaingia ziwani na wala haitoki, jambo kubwa kwa jiografia. Kwa mwili wa Livingstone ilikuwa mwezi wa kujifua bila kujua kwamba anajifua. Mwishoni mwa Desemba waliondoka Ujiji kwa mitumbwi kuelekea kusini, wakaingia nchi ya Watongwe, na kutoka huko wakavuka kwa miguu milima na misitu hadi Tabora, walikofika Februari 1872. Viatu vilimkata Livingstone miguu, mvua ziliwanyeshea, nyuki walimshambulia. Alifika. Miezi mitatu na nusu nyuma asingeweza kuvuka hata robo ya njia ile.

Lakini mwaka mmoja na ushei baadaye, Mei 1873, alikufa kijijini kwa Chitambo, na hapa pingamizi linajileta lenyewe: kama ufundi huu ulifaa, mbona haukumwokoa, hasa baada ya kupumzika tena Tabora kutoka Machi hadi Agosti 1872? Tazama jinsi alivyoondoka. Alitoka Tabora mwisho wa Agosti, akaelekea ziwani, na msimu wa joto kali kabla ya mvua ulimkuta akipanda na kushuka milima ya mwambao wa mashariki, kusini ya Kigoma ya leo. Kuharisha kwake kwa zamani kulikuwa kumerudi tangu Septemba. Hakukuwa na mji wa kutua. Kila siku ilikuwa kilima, na baada ya vilima yakaja mabwawa ya Bangweulu katika masika. Miezi mitano ya kukaa barazani Tabora akisubiri wapagazi ilimpa mapumziko, lakini haikumpa ngazi. Alitoka kwenye kiti akaingia mlimani, tena akiwa na ugonjwa usiopona. Mwaka 1871 mwili wake ulipewa mtumbwi kabla ya mlima. Mwaka 1872 haukupewa. Sisemi kwamba mtumbwi ungemponya kuhara. Nasema tu kwamba mambo yote mawili yaliyomwinua mara ya kwanza, ngazi na nafuu ya ugonjwa, hayakuwapo mara ya pili.

Waliouzika moyo wake na kuubeba mwili wake ndio waliobaki na ujuzi huo. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili kwa jua kwa wiki mbili hivi kabla ya kuondoka. Mara tu walipoanza safari, ugonjwa uliwapiga wengi wao kwa pamoja, wakasimama takriban mwezi mzima hadi kundi likaweza kutembea. Mwezi mzima, wakiwa na maiti, katika nchi za watu walioogopa maiti! Kiongozi mwenye haraka angewaacha wagonjwa. Walipofika kusini ya Tanganyika walifanya uamuzi mwingine ambao wanahistoria huupitia haraka: hawakuifuata tena njia ya milima ya mwambao iliyowatesa mwaka uliotangulia, walipinda mashariki kutafuta nchi iliyo nyoofu zaidi. Walifika Tabora Oktoba 1873 na Bagamoyo Februari 1874. Ujuzi wa kurudia mlima unajumuisha pia kujua ni lini mlima uzungukwe, na nadhani uamuzi ule ulichangia kufika kwao kuliko ujasiri wote wanaosifiwa nao.

Atakuwepo wa kusema nimewavisha watu hawa elimu ambayo hawakuwa nayo. Kwa mfano, inajulikana kwamba misafara ilianza kwa mwendo mfupi sana, pengine saa moja au mbili nje ya mji, kisha ikapiga kambi. Sababu iliyotolewa haikuwa mazoezi. Ilikuwa kukusanya watu waliokuwa bado wanaaga au wanalewa, kuona nani ametoroka na mzigo, na kutuma mtu kuchukua kilichosahaulika. Kweli. Lakini desturi hudumu kwa sababu zaidi ya ile inayosemwa. Msafara uliotembea kidogo siku ya kwanza ulizoesha mabega mzigo, ulionyesha ni kamba ipi inakata na ni kiatu kipi kinabana, na ulifanya hivyo mahali ambapo kurudi nyuma hakukuwa aibu. Ufundi mwingi wa mikono duniani umekaa hivyo: mhunzi anajua moto ufike rangi gani bila kujua nini kinatokea ndani ya chuma. Kutokuwa na maelezo si sawa na kutokuwa na maarifa.

Pingamizi jingine ni la vyanzo. Karibu yote niliyotaja yameandikwa na Wazungu waliobebwa, wala si na waliobeba. Hilo haliwezi kukanushwa, ingawa Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekuwamo katika kundi la Susi na Chuma, aliandika shajara ya safari ile. Hata hivyo, aliyebebwa alikuwa na sababu zote za kuandika juu ya miguu yake, tumbo lake na chakula chake, na hakuwa na sababu ya kudanganya kwamba alilala wiki mbili. Tunachopaswa kukataa ni tafsiri zake, hasa anapowaeleza wengine.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kuufanya mwendo wa miguu wa miezi mitatu kuwa safari ya siku chache. Wapagazi wa mbali walitoweka, Ujiji ikapitwa na Kigoma, na ujuzi wa miguu ukabaki kwa watu ambao reli haikuwafaa: wanavijiji wa juu ya ukingo wanaoshukia samaki ziwani na kupanda tena na mzigo kichwani, wengi wao wanawake.

Kisa cha karibuni zaidi, na kilicho karibu zaidi na mlima wenyewe, ni cha Gombe, kando ya ziwa hilohilo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika huko Julai 1960 pamoja na mama yake. Pale milima huanza mchangani kabisa. Kutoka ziwa lililo mita 773 juu ya usawa wa bahari hadi ukingo wa bonde ulio karibu mita 1,500, mabonde yamekatwa kwa miteremko mikali, nyasi ndefu na miiba. Wiki chache baadaye malaria iliwaangusha wote wawili. Alipopata nafuu, akiwa bado dhaifu, Goodall alitoka peke yake asubuhi na mapema kuupanda mlima ulio juu ya kambi, aliokwisha kuupanda siku ya kwanza. Baada ya dakika chache moyo ulikuwa ukimpiga kwa nguvu na ikambidi asimame kupata pumzi. Aliendelea hivyo hivyo, akipanda na kusimama, hadi kwenye kilele kidogo kama mita 300 juu ya ziwa, kilele ambacho kilikuwa kituo chake cha kazi. Kisha alikirudia siku baada ya siku. Sanduku la bati lilipandishwa kule juu likiwa na birika, kahawa, maharage ya kopo na blanketi, ili asilazimike kushuka kila jioni. Mwisho wa Oktoba aliona kutoka huko sokwe wakila nyama, na mapema Novemba akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti. Ugunduzi huo umeandikwa kila mahali. Wachache hutaja kwamba ulitegemea mapafu na mapaja yaliyojengwa ndani ya miezi miwili baada ya homa, kwa kanuni ileile ya njia ya Ujiji: asubuhi ya baridi, mwendo wa kusimama-simama, kituo cha kati chenye chakula, na kurudia ardhi ileile hadi iache kuwa ngeni.

Ni kweli alikuwa na miaka 26, na umri huo husamehe mengi. Kwa hiyo tuwatazame waliobaki. Mwanzoni alifuatana na watu wa hapohapo kama Adolf Siwezi, askari wa wanyamapori, na Rashidi Kikwale, waliopanda miteremko hiyo kabla yake na kwa utulivu kuliko yeye. Mei 1975, baada ya waasi kutoka ng'ambo ya ziwa kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni, watafiti wa nje waliondoka, na kazi ya kuwafuata sokwe ikabaki mikononi mwa wasaidizi wa Kitanzania. Kumfuata sokwe ni kufika chini ya kiota chake kabla ya mapambazuko, kumfuata bondeni na mlimani, kutambaa chini ya miiba, na kumwacha tu anapojenga kiota kingine jioni. Watu hawa walifanya hivyo kwa miaka mingi, wengine hadi utu uzimani. Kama nguvu ingekuwa ujana tu, rekodi za Gombe zingekatika. Wao waliendelea kwa sababu walikuwa hawaachi muda mrefu kupita kati ya siku moja ya mlima na nyingine.

Sayansi ya mwili ya leo imeleta majina kwa mambo haya. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za kazi juani, na huanza kusahau usipolirudia kwa wiki chache. Misuli ya mapaja huumizwa zaidi na kushuka kuliko kupanda, maumivu hufika kilele siku moja au mbili baadaye, lakini kushuka kulekule kwa kiasi huikinga misuli hiyo kwa majuma kadhaa. Kwa Kigoma hili lina uzito wake. Nkungwe, kilele cha milima ya Mahale, kina mita 2,462; kimo chake hakimnyimi mtu hewa kama Kilimanjaro. Kinachomshinda mgeni ni karibu mita 1,700 za kupanda kutoka ufukoni, joto lenye unyevu, na mteremko wa kurudi. Mtu aliyeshindwa pale na anayetaka kurudi hahitaji kukimbia barabara ya lami nyumbani kwake mwaka mzima. Anahitaji ngazi na vilima, mzigo mdogo mgongoni unaoongezeka, na hasa siku za kukaa mwambaoni kabla ya kuanza, akitembea asubuhi na kula vizuri. Ratiba nyingi za utalii hazina siku hizo. Mgeni hushuka kwenye ndege au boti, na kesho yake au keshokutwa yuko mlimani.

Na mlimani hayuko peke yake. Mbele na nyuma yake wapo watu waliobeba maji na hema. Hapa ndipo kosa la Burton lina gharama hadi leo. Ukiamini kwamba nguvu ya mpagazi ni asili, basi haina bei, na hakuna sababu ya kulipia chakula kinachoijenga wala siku zinazoirudisha. Kilimanjaro kuna kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, jambo zuri ukikumbuka kilo 32 za zama za frasila, lakini kikomo cha uzito kinagusa uzito tu. Wapagazi wa njia ya Ujiji walidai zaidi ya hapo. Kwao posho ilihesabiwa mbali na mshahara, ilidaiwa kabla ya safari kuendelea, na pale tajiri alipochelewa kuitoa, msafara mzima uliweza kuketi juu ya mizigo yake mpaka nafaka ipimwe.